Masanduku Ambayo Enoki Hakuyamaliza

Kwa miaka mingi, nikiwa na akili zangu timamu na diploma yangu ya masomo ya jioni imetundikwa ukutani, niliamini kwamba Enoki anakaa milimani Bibokoboko katikati ya ng'ombe wake, ameshika waya aliouzungusha kwenye pembe la fahali, na kwa waya huo anaingia ndani ya mashini yetu huku chini Baraka na kuhamisha watoto kutoka familia moja hadi nyingine. Sikuamini nusu. Niliamini yote, pamoja na pembe. Habari ilipofika biro, yaani ofisi yetu, mara ya kwanza ilikuwa na waya tu. Pembe liliongezwa sokoni, na nadhani fahali nilimwongeza mimi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa biro wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi wakati ule. "Ili tujifunze, Papa Wilondja," wakasema, huku wanacheka, kwa sababu wananijua: nikivua dagaa mmoja, nikifika nyumbani amekuwa sangala. Nitajaribu kujizuia. Mishahara sitaitaja, na vyeo nilivyopewa vilikuwa majina marefu ya kazi ileile. Nitaandika juu ya sesioni, juu ya masanduku ya Enoki, na juu ya mtoto mmoja aliyeitwa Asende.

Nilisomea Uvira, jioni, nikiwa mtu mzima tayari. Mchana nilikuwa fundi wa redio. Nilifungua redio za watu, nikazipuliza vumbi, nikazifunga, na zikaimba. Jioni nilienda kujifunza ordinatere, yaani kompyuta. Shule haikuwa na ordinatere. Mwalimu alichora vitufe ubaoni kwa chaki, na sisi tulipiga vidole juu ya meza za mbao. Nakuambieni, juu ya mbao nilikuwa na kasi ambayo haijawahi kuonekana Kivu nzima, na meza haikunikuta na kosa hata moja. Jioni nyingine risasi zililia upande wa bonde, mwalimu akasikiliza, kisha akasema, "Ile iko mbali, tuendelee." Tukaendelea. Hivyo ndivyo nilivyopata elimu yangu, na ndiyo maana hadi leo nikisikia mlipuko huwa nakumbuka jinsi ya kuhifadhi faili.

Nilipoajiriwa Baraka, redio zilikuwa zinasema vita vimekwisha. Milimani hawakuwa wanasikiliza redio hizo. Lakini maboti yalikuwa yameanza kurudisha watu kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka makambi ya Tanzania, na kati ya watu hao walikuwemo watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia. Biro letu lilikuwa na kazi moja: kumkuta mtoto, kumkuta mzazi, kuwaunganisha. Basi. Ukiiandika hivyo inaonekana rahisi kama kuunganisha nyaya mbili.

Tulikuwa na ordinatere nne zenye skrini, sisi tuliziita ekrani, nzito kama mbuzi aliyekataa kusimama, zote zimefungwa kwa waya kwenye mashini moja kubwa, seva, iliyowekwa katika chumba cha nyuma na kufunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi. Nje palikuwa na jenereta iliyopiga kelele mpaka nadhani samaki wengi walihamia Kalemie. Intaneti hatukuwa nayo. Programu iliishi ndani ya seva, na sisi tuliifungua kwa kurasa, kama mnavyofungua kurasa za wavuti leo.

Siku yangu ya kwanza niliizima seva. Niliona mafuta ya jenereta yanakwisha, nikaona mashini ile haina mtu mbele yake, haina hata ekrani, nikasema hii inakunywa bure. Nikaizima kwa moyo safi. Kutoka chumba cha mbele sauti ya mwanamke ikapanda.

"Nani amegusa? Nani? Mi nilikuwa na familia nzima mukononi!"

Huyo alikuwa Mama Sifa, mwandikishaji wetu mkuu, mwanamke wa Baraka aliyeweza kuandika, kunyonyesha na kukugombeza kwa wakati mmoja. Alinikuta bado nimeshika waya.

"Na huyu muzee mupya anatoka wapi? Alitumwa na adui?"

"Nilitaka tupunguze mafuta, mama."

"Basi enda upunguze na chakula yako!"

Kijana mrefu, mwembamba, akatoka nyuma ya mlango akicheka. Huyo ndiye Enoki. Alikuwa mtu wa milimani, wa familia ya wafugaji wa Bibokoboko, Mprotestanti asiyekunywa chochote kikali kuliko chai ya maziwa, na alikuwa amesoma Bujumbura. Programu yote aliiandika yeye peke yake. Nilimzidi umri kwa mbali, kwa hiyo aliniita Yaya, kaka mkubwa, nami nikamwita Mwalimu, na kila mmoja wetu alifikiri mwenzake anatania.

"Yaya, usiogope," akasema. "Kuya nikuonyeshe ile familia ilikuwa wapi, mbele ya kuiua."

Akanipeleka mwaloni, mahali maboti yanaposhusha watu. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitunza mizigo ya wasafiri. Unamwachia mzigo wako, anakata kitambaa vipande viwili, kimoja anakifunga kwenye mzigo, kingine anakupa.

"Muangalie vizuri," Enoki akasema. "Hauoni vile haangalii sura ya muntu? Hajui muntu hata moja. Ukirudia na kipande yako, anakutolea mufuko yenye iko na kipande ya namna moja. Basi. Seva nayo iko vile. Ukurasa haukumbuke kitu. Unabonyeza, inakujibu, inakusahau palepale. Ukibonyeza tena, we ni mugeni."

"Kama ndugu za mke wangu."

"Kama wao. Sasa, ili isikusahau, inapatia ordinatere yako kipande, namba tu. Na kule nyuma inakuwekea mufuko. Mu mufuko munakuwa jina yako, familia yenye unaandika, fasi umefikia. Ule mufuko njo sesioni. We umezima seva, umechoma mifuko yote."

Nimefundisha vijana wengi tangu siku ile, na bado sijapata maelezo bora kuliko yale ya yule mama wa mwaloni. Nilimnunulia Mama Sifa mikate ya mihogo ili anisamehe. Alikula mikate, msamaha akauahirisha.

Enoki hakuipenda mifuko ile jinsi ilivyokuwa, ingawa alikuwa ameitengeneza mwenyewe, kwa haraka, wakati maboti ya kwanza yalipofika. Alisema ni mifuko isiyofungwa. Ukurasa wa kuandikisha ulitia mkono ukaweka humo kitu kinachoitwa "familia". Ukurasa wa kutafuta nao ulitia mkono ukaweka "familia" yake palepale, kwa jina lilelile. Kila ukurasa ulichukua ulichokikuta bila kuuliza nani amekiweka.

Dawa yake ilikuwa masanduku. Ninyi mna majina yenu makubwa kwa kitu hicho. Mimi nitakiita alivyokiita yeye. Sanduku ni kijenzi cha programu chenye mlango mmoja. Ndani yake ndimo mnamojulikana kitu kimewekwa mfuko upi na kwa jina gani, na hakuna ukurasa mwingine unaoruhusiwa kujua. Ukurasa ukitaka kujua nani ameingia kazini, unabisha: nipe mtumiaji. Ukitaka kuweka familia, unabisha: weka hii. Ukimaliza, unabisha: ondoa. Ukurasa hautii mkono. Kesho ukitaka kubadilisha namna ya kuhifadhi, unabadilisha ndani ya sanduku moja, na kurasa zote zinaendelea kubisha mlango uleule bila kujua kwamba nyumba imejengwa upya.

Aliniketisha kando yake nikamtazama akiandika sanduku la mtumiaji. Lilikuwa dogo, maneno yasiyojaza ekrani, lakini lilikuwa safi kama sahani ya Pasaka. Alinifundisha humo mambo ambayo nimeyatumia maisha yangu yote. Usiweke familia nzima kwenye sesioni; weka namba yake tu, kwa sababu seva yetu ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya kuku. Kila ulichoweka, amua tangu mwanzo nani atakiondoa. Na sanduku likipewa kitu kisichoeleweka, lilalamike palepale, lisinyamaze.

"Kunyamaza njo ubaya kubwa," alisema. "Programu yenye inapiga makelele, unaweza itengeneza."

Sanduku la familia alilianza. Alikuwa amefikia katikati, yaani kuweka kulikuwa tayari na kutoa bado, wakati mkuu wa biro aliposimama mlangoni.

"Enoki, kesho boti inakuya, imejaa bantu mpaka juu. Ile masanduku yako iko inapatia mutoto mama yake?"

"Haiko inamupatia, chef. Iko inazuia tusimupatie mama wa mwingine."

"Kuna mwenye tulishapatia mama wa mwingine?"

"Bado."

"Basi ingoje."

Ikangoja. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakunywa chai, na jibu la mkuu niliona lina akili sana.

Sasa lazima niwaeleze juu ya majina, maana ninyi wengine mmezaliwa mjini. Kwetu Wabembe mtoto anarithi jina la babu, na babu naye alilipata kwa babu yake. Kwa hiyo Asende mwana wa Etabo, ukimwita kwa sauti sokoni Baraka, watageuka wanaume wa kutosha kuvuta boti. Mtoto akishuka na kusema, "Mi ni Asende, papa yangu ni Etabo," amekuambia ukweli wote anaoujua na hajakuambia kitu.

Mama Sifa alipata njia. Alifungua familia ya Etabo mmoja katika dirisha la kwanza, kisha akafungua dirisha la pili lenye familia ya Etabo mwingine, akayaweka ubavu kwa ubavu kwenye ekrani, akawa anamuuliza mtoto huku anatazama huku na huku. Mama yako anauza nini? Nyumba yenu iko karibu na kanisa gani? Nani alikuwa anakubeba mgongoni? Akishapata familia yenyewe, anarudi kwenye dirisha lake, anamwandika mtoto, anabonyeza, na ukurasa unasema: Imehifadhiwa. Asante. Ilikuwa kazi ya ajabu kuitazama. Alitufundisha wote. Wakati huo Enoki alikuwa Bukavu kutafuta vipuri, na aliporudi hakuna aliyemwambia, si kwa kumficha, ila kwa kuwa hakuna mtu anayemwendea mhandisi kumwambia kwamba amefungua dirisha.

Halafu milimani mapigano kati ya wafugaji na sisi Wabembe yakarudi. Sitaandika nani alianza; nimewasikia wengi wakieleza nani alianza na wote walikuwa na hakika. Huku chini, vijana wakaanza kusimama mbele ya lango letu. Mlinzi akawa anaulizwa, "Ule wa mulima bado iko humo?" Enoki akaacha kwenda mwaloni. Akaacha kwenda sokoni, Mama Sifa akawa anamletea maziwa chini ya khanga yake. Asubuhi moja mkuu alimwita.

"Panda kwenu kidogo. Mambo ikitulia tutakuita."

Nilimsindikiza mpaka pale askari wa mwisho wa mji aliposimama. Enoki alikuwa na mkoba mmoja.

"Yaya, sanduku ya familia ilibakia nusu," akaniambia. "Na kila dirisha inapashwa kuwa na yake. Usiache bantu batie mukono tu."

"Nitaimaliza, Mwalimu. Wiki moja tu, utaikuta inang'aa."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda. Ile "kidogo" ya mkuu hadi leo haijakwisha. Hatukumwita.

Muda mfupi baada ya hapo ikaja boti iliyomleta Asende. Alikuwa mdogo, amevaa shati la mtu mzima lililomfika miguuni. Mama Sifa aliketi naye muda mrefu. Palikuwa na akina Etabo wawili waliokuwa wametafuta mtoto wa jina hilo: mmoja Fizi-Centre, mlimani, na mwingine Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama Sifa alifungua madirisha yake mawili, akamuuliza, mtoto akasema juu ya mti wa mapera na juu ya bibi mwenye jicho moja, na Mama Sifa akapiga makofi: ni wa Fizi. Akaandika. Imehifadhiwa. Asante. Kesho yake lori la kukodi likawabeba watoto wa siku hiyo, kila mmoja kwa familia ambayo seva ilikuwa imeitoa.

Siku chache baadaye akaja mwanamke kutoka Fizi kwa miguu. Alikuwa mama wa Asende. Jirani yake aliyekuwa kwenye boti ileile alikuwa amemwambia, "Mutoto wako tumeshuka naye, shati ilikuwa inamuburuza." Alikuja amevaa nguo ya kanisani na amembeba mgongoni kuku wa kutushukuru.

"Nimekuya kumukamata," akasema. "Ile gari haikufika kwetu, nikasema pengine iliharibika njiani."

Mama Sifa alifungua. Ekrani ikaonyesha Asende chini ya familia ya Misisi. Akafunga, akafungua tena. Ikaonyesha vilevile. Mama Sifa akaondoa mikono yake kwenye vitufe, akaitazama.

"Mi nilimuandika Fizi," akasema. "Na hii mikono. Naapa mbele ya Mungu."

Dereva wa lori angeweza kutuambia aliwashusha wapi, lakini risasi zilipofika barabarani alivuka ziwa na lori lake na hatukumwona tena. Tukabaki na neno la Mama Sifa upande mmoja na neno la seva upande wa pili. Mama Sifa hakuwa mwongo, kila mtu alijua. Basi mwongo ni seva. Na seva haijisemei uongo yenyewe, lazima kuna mtu aliyeisemesha. Nani aliitengeneza? Yuko wapi? Kwa nini aliondoka? Mnaona jinsi tulivyopanda ngazi ile, kidato kwa kidato, kila kimoja kikikubali mguu. Mlinzi ndiye aliyefika juu kabisa: "Ule wa mulima njo anabadilisha. Anawaficha batoto."

Mimi, mtu wa pekee katika biro mwenye diploma, nilitakiwa kuuliza swali moja dogo. Badala yake nilitafuta bati. Nilipigilia bati kwenye dirisha la chumba cha seva linalotazama milimani, ili kitu kisipite hewani. Nikaongeza bati la pili. Chumba kikawa moto hivi kwamba ungeweza kukausha dagaa humo, na seva ikawa inazimika yenyewe kila mchana. Tukasema: mnaona? Anapigana nayo.

Lakini hasara kubwa haikuwa bati. Kwa kuwa tuliamini Enoki ameandika Misisi ili kutupoteza, Misisi ndiyo mahali pekee ambapo hatukutafuta. Tuliuliza Uvira. Tuliuliza Kalemie. Tuliuliza ng'ambo, makambi yote. Tulituma ujumbe kwa makanisa ya milimani kuuliza kama kuna mtoto wa Kibembe amefichwa huko, na wachungaji wa huko walituma jibu la upole sana kwamba hakuna, tukasema wanamlinda. Barabara ya Misisi ilikuwa mbaya, yenye mashimo ya kumeza pikipiki pamoja na abiria, na yenye watu wenye bunduki wa kila rangi, na hilo nalo lilitufariji, kwamba hata hivyo tusingefika.

Mama Asende wa Fizi aliendelea kuja. Kuku wake alituachia, hakutaka kurudi naye. Baadaye alikuja na mihogo ya kuuza sokoni, akipitia kwetu kwanza.

"Mashini imesema nini leo?"

"Bado, mama."

"Muipatie muda. Pengine inachoka."

Wakati mwingine aliketi kwenye benchi akinitazama nikiandika, na mimi niliandika kwa bidii zaidi, hata nilipokuwa sina la kuandika.

Sanduku la familia nililimaliza. Si kwa wiki moja. Zilipita mvua kadhaa. Nilikuwa nimemwahidi, na hata mtu unayemdhania mbaya unaweza kuona aibu kumvunjia ahadi. Niliiga sanduku la mtumiaji mstari kwa mstari. Niliandika mlango wa kutoa, mlango wa kuondoa, nikaliwekea kila dirisha namba yake ndani ya mfuko kama alivyosema, nikaziandika upya kurasa zote zilizokuwa zikitia mkono. Nilijivunia sana. Ningesema lilikuwa sanduku zuri kuliko yote kati ya Bukavu na Lubumbashi, kama nisingeahidi kujizuia. Na tangu hapo hakuna mtoto mwingine aliyehama familia. Hata mmoja. Tukashukuru bati.

Miaka ikapita. Seva ikabadilishwa, kisha ikabadilishwa tena, Mama Sifa akastaafu akaenda kulima, nami nikapewa wanafunzi. Niliwafundisha masanduku. Wakiniuliza nani aliyaanzisha nilisema ni "mtu mmoja wa zamani", nikageukia ubao.

Karibu na mwisho wa kazi yangu, kijana mwenye ndevu alisimamisha pikipiki mbele ya biro. Alikuwa dereva wa Misisi, amebeba wafanyabiashara. Alisema mama yake, kabla hajazidiwa na ugonjwa, alimwambia kwamba hakumzaa. Alikuwa amempokea kutoka kwenye lori. Wake aliyeitwa Asende alimpoteza wakati wa kukimbia, akiwa bado ananyonya. Alipoletewa mtoto anayetembea, mwenye jina lile na baba wa jina lile, hakuuliza. Au aliuliza moyoni tu.

"Ninatafuta mama mwingine," kijana akasema. "Wanasema mulikuwa munajua kupata bantu."

Nilipanda naye Fizi mwenyewe, nyuma ya pikipiki, mifupa yangu ikilia. Mama Asende alikuwa anamenya mihogo. Alimtazama kichwa, akamgeuza kama mtu anayechagua tikiti, akamkunja sikio kuona nyuma yake, akaona alichokijua. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akaanza kukoroga ugali, na ilibidi aambiwe kwamba maji bado hayajachemka. Kijana alikula, akajibu maswali kwa heshima, akamwita "mama" kama mtu anavyomwita mama yeyote. Jioni haijafika akasema lazima arudi, yule wa Misisi hana mtu wa kumgeuza kitandani.

"Enda," mama akamwambia. "Usimuache peke yake."

Pikipiki ilipotoweka aliniambia, "Alikula vizuri," kisha akaichukua sahani ya kijana na hakuiosha siku ile.

Hapo ndipo ile habari ya zamani ilipoanza kuniuma upya, lakini kwa upande mwingine. Kama Enoki alitaka kumficha, kwa nini alimficha mahali alipopaandika? Nilipata namba ya simu yake kupitia mchungaji mmoja. Bado alikuwa milimani, anafundisha hesabu. Nilimpigia asubuhi, wiki yangu ya mwisho kazini. Alifurahi hivi kwamba nilishindwa kuanza. Aliuliza habari za Mama Sifa, za mgongo wangu, za jenereta. Mwishowe nikasema.

"Mwalimu, sasa sisi wote tumezeeka. Uniambie tu. Uliingiaka namna gani?"

"Kuingia wapi, Yaya?"

"Mu mashini yetu. Toka kule juu."

Nikamweleza yote: Asende, Fizi, Misisi, waya. Pembe nililiruka. Hakucheka. Akaanza kuniuliza.

"Siku ile Mama Sifa alikuwa anaandika, alifungua madirisha ngapi?"

"Mbili. Njo ilikuwa kawaida yetu, ju ya majina."

"Ya Misisi alifungua ya pili?"

"Ya pili, ndiyo. Kisha akarudia kwa ile ya Fizi, akaandika."

"Sesioni ilikuwa moja kwa madirisha yote mbili, mufuko moja," Enoki akasema. "Ile ya pili ilifuta familia ya kwanza, na ukurasa ukahifadhi yenye uliikuta. Hakuna muntu aliingia, Yaya. Ile seva haikukuwa na waya ya kutoka inje hata moja. Mutoto alikuwa Misisi tangu siku ya kwanza, vile ilikuwa inawaambia."